Breki Zinapolia: Sikiliza Kabla ya Kununua Spea

Mfululizo wa Gari na Usalama Barabarani: Sehemu ya Pili

Gari linalotoka Eldoret kwenda Malaba huteremka karibu mita 900 kabla ya kufika mpakani. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, nayo Malaba, Busia na Tororo ziko kwenye mita 1,200 hivi. Mteremko wote huo ni kazi ya breki. Mpakani kwenyewe dereva hukuta foleni ya malori, akawa anasonga na kusimama, anasonga na kusimama. Akiacha lami na kuingia vijijini, iwe ni Amukura upande wa Kenya au Buteba upande wa Uganda, hupokewa na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kwa mazingira kama haya, breki za gari lolote lazima siku moja zitoe sauti.

Wiki iliyopita tuliona jinsi nguvu ya mguu wa dereva inavyosafiri ndani ya mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Leo tunaingia kwenye sauti zenyewe. Nia yangu ni moja: msomaji asitoe hata shilingi moja ya spea, iwe ya Kenya au ya Uganda, kabla ya kujua sauti inatoka gurudumu gani na kwa sababu gani.

Kwa nini breki hulia

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,200 likienda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya kilojuli 300 hivi, na linaposimamishwa karibu nishati yote hiyo huishia kwenye diski, pedi na dramu. Joto hilo linakaribia kuchemsha lita nzima ya maji. Kasi ikipunguzwa nusu, joto hupungua hadi robo. Breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi hii, kwa sababu uzito wa gari huegemea mbele linapopunguza mwendo. Ndiyo maana kwa kawaida pedi za mbele huisha kabla ya breki za nyuma.

Pedi inapoibana diski, huinata na kuteleza, huinata na kuteleza, mara nyingi mno kwa sekunde moja. Mtikisiko huo ukikuta kipande kilicholegea au pedi iliyokauka na kung'aa kama kioo, diski nayo hutetemeka na sikio husikia mlio mwembamba.

Tatizo hili lina umri sawa na breki za diski zenyewe. Mwaka 1902 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski. Pedi zake zilikuwa za shaba, na kelele zake ziliwakera watu. Mwaka 1907 Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, mwanzilishi wa kampuni ya Ferodo, alizivisha pedi hizo asibestosi. Kelele zikapungua na pedi zikadumu zaidi. Baadaye ikathibitika kwamba vumbi la asibestosi husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu, na nchi nyingi zikaipiga marufuku, Uingereza ikiwa miongoni mwazo mwaka 1999. Tutairudia habari ya vumbi hapa chini, kwa sababu inawahusu mafundi wetu moja kwa moja.

Sauti na maana zake

Kuna sauti zisizohitaji fundi. Gari lililolala nje usiku wa mvua huamka na kutu nyepesi kwenye diski, maana diski nyingi ni za chuma cha kusubu. Asubuhi utasikia mkwaruzo unapokanyaga breki mara tatu au nne za kwanza, kisha utatoweka. Vilevile, ukifunga breki kwa nguvu kwenye tope na kanyagio likatetemeka huku likinguruma chini ya mguu, huo ni mfumo wa ABS unazuia magurudumu yasijifunge. Usiachie kanyagio.

Mlio mwembamba na mkali unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu una asili mbili zinazofanana sikioni. Asili ya kwanza ni ule mtikisiko niliouelezea: pedi imekauka, bati dogo la nyuma ya pedi limepotea, au fundi hakupaka grisi ya breki mahali pedi inapoegemea. Gari hulia unapokanyaga breki, lakini husimama vizuri. Asili ya pili ni onyo lililowekwa makusudi na mtengenezaji. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma unaogusa diski pale unene wa pedi unapobaki milimita 2 au 3. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi. Mara nyingi mlio wa ulimi huo husikika gurudumu linapozunguka tu, na hubadilika au kunyamaza unapokanyaga breki. Dereva akisikia hivyo, hana budi kupanga kubadilisha pedi wiki hiyohiyo.

Hatari kubwa huja onyo hilo linapopuuzwa. Ulimi huweza kukatika au kupinda, mlio ukanyamaza, na mwenye gari akashukuru kwamba gari limejiponya. Baada ya muda husikia sauti nzito ya kusaga, chuma kwa chuma. Hapo pedi imekwisha kabisa na bati lake linaichonga diski. Gari huchelewa kusimama, diski huharibika, na pistoni ya kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, inaweza kutokeza kupita kiasi hadi mafuta ya breki yakavuja. Gari linalosaga hivi lisiendeshwe hata hadi gereji ya jirani. Liegeshwe, fundi aitwe.

Hata hivyo, kwenye barabara zetu za murram kuna sauti nyingine ya kutisha ambayo tiba yake ni ya dakika chache. Kijiwe hurushwa na tairi kikakwama kati ya diski na bati jembamba linaloikinga na vumbi. Ghafla gari huanza kukwaruza kwa kelele kubwa, uwe umekanyaga breki au hujakanyaga. Wengi huuziwa pedi mpya siku hiyo. Kinachohitajika ni kuinua gari kwa jeki, kutoa gurudumu, kukitoa kijiwe na kulinyoosha bati lililopinda. Wakati mwingine kurudi nyuma polepole mita chache hutosha kukiangusha.

Mlio mmoja wa kugonga, "kok", unaosikika unapokanyaga breki kwa mara ya kwanza baada ya kurudi nyuma, huonyesha kwamba pedi inacheza ndani ya kishikio chake. Mara nyingi fundi aliyebadilisha pedi alitupa vibanio vidogo vya chuma akidhani havina kazi.

Kanyagio linalodunda na usukani unaotikisika unapopunguza mwendo ni dalili ya diski ambayo unene wake haulingani pande zote. Sababu moja ni kukaza nati za gurudumu kwa nguvu zisizolingana. Nati zikazwe kwa kupishana, upande huu kisha upande wa pili. Sababu nyingine ni kumwagia diski yenye moto maji baridi mahali pa kuoshea magari mara tu baada ya safari ndefu. Iache ipoe kwanza.

Magari mengi madogo yanayobeba abiria mpakani, Probox yakiwemo, yana diski mbele na dramu nyuma. Dramu ni chungu kilichofungwa: vumbi likiingia, halitoki kwa urahisi. Gari linalopita kila siku njia zinazotumiwa na malori ya saruji ya Tororo hukusanya unga ndani ya dramu, na breki za nyuma huanza kukoroma. Dramu ifunguliwe, isafishwe, na springi zikaguliwe. Viatu vya breki, ambavyo ndivyo pedi za dramu, vikivishwa upya kwa kupigwa ribiti na visikaguliwe, vichwa vya ribiti hujitokeza kadiri viatu vinavyolika, na huichora dramu mifereji.

Mwisho, kuna sauti inayosingiziwa breki bure. Mvumo unaopanda pamoja na kasi, usiobadilika ukanyage au usikanyage breki, na unaozidi unapokata kona upande mmoja, kwa kawaida ni wa beringi ya gurudumu.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Kabla ya kwenda gereji, jibu maswali manne na uyaandike. Je, sauti hutoka ukiwa umekanyaga breki au hata ukiwa hujakanyaga? Hutoka gari likiwa baridi au likishapata moto? Inatoka mbele au nyuma, kulia au kushoto? Na kanyagio lenyewe likoje: gumu, laini, au linadunda?

Ili kujua upande, fungua madirisha uendeshe polepole kando ya ukuta mrefu, kwanza ukuta ukiwa kushoto, kisha ugeuze gari upite ukiwa kulia. Ukuta hurudisha sauti ya gurudumu lililo karibu nao. Ili kutenganisha mbele na nyuma, tafuta mahali pasipo na watu wala magari, uende kilomita 20 kwa saa, kisha uvute breki ya mkono taratibu ukiwa umebana kitufe chake. Kwenye magari mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma tu. Sauti ikitoka hapo, tatizo liko nyuma. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake huenda lina kalipa iliyokwama au breki ya mkono isiyoachia.

Kununua spea mpakani

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, inaruhusu hadi miaka 15. Kwa hiyo gereji za Busia hupokea magari ya rika mbili, na spea huvuka mpaka pande zote mbili. Ni rahisi gari moja likawa na pedi za dukani Kenya kwenye gurudumu la kulia, na za dukani Uganda kwenye la kushoto. Hilo ni kosa la hatari, maana gari litavutia upande mmoja linapofunga breki. Pedi na viatu hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto kwa pamoja, vya aina moja.

Angalia ukingo wa pedi kabla ya kulipa. Nyingi huwa na herufi mbili, kama FF, FE au GG. Herufi ya kwanza huonyesha nguvu ya msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na moto mkali. E iko chini ya F, na F iko chini ya G. Pedi ya FE hupoteza nguvu ikipata moto, na haimfai dereva wa mteremko wa Eldoret. Herufi hizo hazithibitishi ubora wote, lakini pedi isiyo na jina la mtengenezaji wala alama yoyote isinunuliwe.

Nawasihi mafundi pia: msipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Haiwezekani kujua kwa macho kama pedi kuukuu ina asibestosi. Lowesheni vumbi kwa maji, futeni kwa kitambaa, na mfunike pua na mdomo.

Neno kwa madereva wa malori

Malori hutumia breki za upepo. Mshindo mfupi wa upepo dereva anapoachia kanyagio ni kawaida. Mvujo usiokoma, lori likiwa limesimama na mshale wa geji ukishuka, ni hitilafu. Utingo ausikilize kila lori linaposimama kwenye foleni ya Malaba, kwani hapo pana muda wa kutosha. Harufu ya kuungua kwenye mteremko ni onyo kubwa kuliko sauti yoyote. Kipande cha Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kimejulikana kwa miaka mingi kwa malori yaliyoshindwa kusimama. Kuteremka gia ikiwa huru ili kubana mafuta ni kuziachia breki mzigo ambao injini ingesaidia kuubeba. Teremka kwa gia ndogo.

Msomaji, ukisikia sauti mpya kwenye breki, usiizime kwa redio na usisubiri mwisho wa mwezi. Mwambie fundi sauti inatokea lini na wapi, mtake afungue gurudumu mbele yako, na uone kwa macho yako kilichochakaa kabla ya kwenda dukani. Wiki ijayo tutaeleza kanyagio linalozama hadi chini, na kwa nini mafuta ya breki yanafaa kubadilishwa kila baada ya miaka 2.