Vinywaji vya bustani kwa sikukuu ya koperative: ladha ni ya majani, afya ni ya maji

Mvua za kwanza zikishanyesha kwenye tambarare ya Ruzizi, mchaichai unaamka haraka kuliko mahindi. Ni wakati wa sikukuu pia: tarehe 15 Oktoba ni siku ya kimataifa ya wanawake wa vijijini. Swali ni lile lile kila mwaka: tutanywesha wageni nini? Kaziye za soda zinamaliza kese ya koperative, na kasiksi haifai watoto. Lakini nyuma ya nyumba kuko mchaichai, tangawizi, ndimu na mnanaa.

Mwaka jana nilialikwa kwenye karamu ya namna hiyo. Wamama walikuwa wamechemsha tangawizi na mchaichai vizuri sana, harufu inafika barabarani. Lakini wageni walikuwa wamekwisha kukaa na kinywaji kingali cha moto. Kijana mmoja akaleta bidoni ya maji ya ziwa, akamimina ndani ili kipoe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikakawia kusema. Niliposema, makala yalikuwa yamekwisha, hakuna namna ya kuchemsha tena. Lita 20 zikamwagwa mbele ya watu, na sukari yote ndani.

Mwekahazina akaniuliza: "Agronomu, sukari hiyo ulinunua wewe?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimewafundisha kulima mchaichai, sikuwafundisha kuunywa.

Kwa nini tuogope?

Kolera iliingia upande wetu wa ziwa miaka ya 1970, na mpaka leo haijatuacha. Wakati robine imekauka, watu wanarudi ziwani na mitoni. Mdudu wa kolera haonekani kwa macho: maji yanaweza kuwa meupe kabisa na kumbe yamebeba ugonjwa. Baridi haimuui, kwa hiyo barafu ya maji mabichi ni hatari sawa na maji yenyewe. Na ndimu si dawa ya maji ya kutegemea.

Lita 20 za tangawizi na mchaichai

Anza jana yake, jioni. Hiyo ndiyo siri yote.

1. Osha kilo 1 ya tangawizi, itwange. Osha mafungu mawili makubwa ya mchaichai, uyakate.
2. Chemsha maji yote lita 20, si nusu. Yakishatokota kwa nguvu, dakika 1 inatosha huku kando ya ziwa. Ndugu wa milima ya juu, zaidi ya mita 2000, mungojee dakika 3, sababu kule maji yanatokota kabla ya kupata moto wa kutosha.
3. Tia tangawizi, iache itokote dakika 15. Epua, tia mchaichai, funika dakika 15 tena. Mchaichai ukichemka sana, harufu yake inaenda na mvuke.
4. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa. Tia sukari kilo 1 na nusu kingali cha moto.
5. Funika, weka sufuria ndani ya beseni ya maji baridi. Maji ya beseni yasiingie ndani! Acha mpaka asubuhi.
6. Asubuhi, nawa mikono kwa sabuni, osha ndimu 20 kwa maji safi, kamua, tia. Mnanaa pia uoshwe kwa maji yaliyochemshwa.

Kama makala ni shida, tumia maji yaliyotiwa klorini kwa kipimo sawa, na ungojee dakika 30 kabla ya kuyatumia.

Usisahau ngaingai

Wengi wetu tunakula majani ya ngaingai, lakini ile nyekundu ina vikombe vinene vya ua vinavyobaki shambani. Huko Senegali wanavifanya bissap, Sudan na Misri wanaita karkade. Vikaushe kivulini juu ya turubali safi, vitakaa miezi katika mfuko uliofungwa vizuri. Viloweke katika maji yanayotoka motoni, utapata kinywaji chekundu chenye uchachu. Hapo kuko pia biashara ndogo ya koperative wakati wa kiangazi.

Wakati wa kugawa

Mtu asichovye kikombe chake ndani ya sufuria. Mama mmoja au baba mmoja ashike upawa, agawie wote. Vikombe vioshwe kwa sabuni na maji safi. Kinachobaki jioni kisiwekwe mpaka kesho: bila frigo, kinaanza kuchacha.

Mwaka huu wamama wale wamenialika tena. Wameniambia watawasha moto tarehe 14, saa kumi za jioni. Sukari, safari hii, nitaileta mimi.