Unene si ugonjwa wa matajiri pekee

WATU wengi hapa nchini bado huamini kwamba kitambi ni ishara ya pesa. Mwanamume akianza kunenepa huambiwa kazi imemkubali, naye bibi arusi akibaki mwembamba mwaka mzima baada ya harusi, majirani huuliza kama mumewe humlisha.

Utafiti wasema vingine. Mwaka wa 1965, Dkt Albert Stunkard na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Manhattan, New York. Miongoni mwa wanawake wa tabaka la chini, 30 kati ya kila 100 walikuwa wanene kupindukia. Wa tabaka la juu walikuwa 5 tu. Mnamo 1989, yeye na Jeffery Sobal walipitia tafiti 144 na kuona kwamba katika nchi tajiri unene huwaandama zaidi wanawake maskini, ilhali katika nchi zinazoendelea ni wenye uwezo walionenepa.

Nasi je? Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi: asilimia 43 mijini na 26 mashambani. Mjini mafuta ya kupikia, sukari na unga mweupe hupatikana kila kona, na hata mwenye kipato kidogo hunenepa.

Sisi madaktari hupenda kumkemea mgonjwa kana kwamba ni ulafi. Lakini mama anayeuza mitumba toka alfajiri hadi jioni atachemsha maharagwe saa ngapi, na kwa makaa ya bei gani? Chipsi na mandazi ya kibandani humshibisha upesi, naye hushinda ameketi. Kumwambia ale matunda bila kuuliza ana shilingi ngapi ni kupoteza wakati wake na wako.

Hata hivyo, yapo yanayowezekana. Loweka maharagwe usiku kucha ili yaive upesi. Mafuta ya kukaangia sukuma wiki yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe moja kwa moja kutoka chupani. Punguza sukari ya chai. Kisha chukua utepe wa fundi cherehani ujipime kiuno: mwanamke akizidi sentimita 80, au mwanamume 94, afike kliniki apimwe presha na sukari, hata kama hahisi maumivu yoyote.