Weka Bei, Weka Mahali: Biz ya Fone kwa Mayut wa Bunia

Hapa Bunia, kutoka Mudzi-Pela hadi Nyakasanza, kutoka Bulvari ya Libération hadi kona za soko kuu, sai kila mtu ana kitu anauza kwa fone. Dem wa chuo anauza wigi kati ya somo na somo. Chali anasukuma viatu. Mama wa jirani anaposti samaki wa Tchomia hata kabla gari haijafika kutoka ziwani. Mahasola tuko, mali iko, na bidii hakuna mtu wa kutufunza. Lakini chapaa haiingii vile inafaa, na mara nyingi shida si mali. Shida ni vile tunaitangaza.

Cheki tu statusi za leo. Picha ya kiatu, giza kiasi, miguu ya mtu inaonekana nyuma. Chini imeandikwa: "Arivaji mpya! Bei: inboksi." Imeisha hapo. Saizi hakuna, bei hakuna, duka liko wapi hakuna. Kastoma akitaka kujua, aandike, angoje. Aulizwe "unataka namba ngapi?", ajibu, angoje tena. Mega zinaisha, na hamu ya kiatu inaisha nazo. Huyo ameshaenda kwa mwingine.

Rada ni hii, beshte: kila jibu ukificha, kastoma analilipia. Analipa kwa mega, kwa nauli ya motari, kwa muda wake. Na mtu akichoka kulipa kabla hata hajanunua, anahepa.

Bei inboksi inafukuza watu

Najua mbona wengi wanaficha bei. Mmoja anaogopa jirani ataona na kushusha yake. Mwingine anataka kwanza apime kastoma ana mfuko gani. Na wengine wanaogopa kiwango: Bunia tunanunua kwa dola na kwa franka, na franka haikai mahali pamoja. Ukiandika bei leo, kesho inaweza kukuumiza.

Dawa iko. Andika bei ya dola, kisha franka "kwa kiwango cha leo", na uweke tarehe. Ukiwa wa kupunguza, ongeza "tunaelewana". Hapo mtu anajua aanzie wapi, na wewe bado una nafasi ya kubonga naye.

Bei ikipanda, sema mbona. Mzigo wetu mwingi unatoka Kampala kupitia Mahagi, na mwingine unaanzia mbali kabisa, Dubai ama Guangzhou. Barabara ikioza kwa mvua, ama usalama ukichafuka, gharama inaruka. Kastoma wako anaishi kwa barabara hizo hizo. Mwambie wazi: "Mzigo huu ulikwama njiani, bei imeongezeka dola 1." Ataelewa. Kitu hataelewa ni kupandishiwa bei kimyakimya, alafu asikie kwa mtu mwingine.

Picha ya Dubai, nguo ya Bunia

Kuna tabia ya kuchukua picha mtandaoni, modeli wa ng'ambo amepiga luku kali, alafu kastoma analetewa kitu kingine kabisa. Hiyo ni kujichoma mwenyewe. Bunia tunajuana: kanisani, shuleni, kwa parsele, kwa kilio. Mtu mmoja akilia kwamba ulimuuzia kitu feki, kwaya nzima itajua kabla ya Jumapili kuisha.

Piga picha ya mali yako. Hauhitaji kamera ya bei. Pangusa lenzi na kitambaa safi, toka mlangoni asubuhi, tandika shuka ya rangi moja, weka kitu katikati. Piga tatu: mbele, nyuma, na karibu ili mshono uonekane. Kama ni mtumba na ina doa, onyesha doa. Mtu akinunua huku ameona doa, hawezi kukurudia na kelele.

Ukitaka kuandika bei juu ya picha, Canva inatosha. Ilianzishwa Australia mwaka 2013, inafanya kazi kwa fone, na ile ya bure inabeba kazi zote za duka dogo. Chagua rangi mbili na aina moja ya herufi, uzitumie kila wiki, watu wakuzoee. Video pia ni poa, lakini fanya fupi. Ya dakika nzima inakula mega za mtu, na wengi wataipita.

Nani anakuona?

Hii wengi hawaijui, na ndiyo inawaangusha. Statusi ya WhatsApp inaonekana tu na mtu ambaye umemsevu na yeye amekusevu. Ile orodha ya kutangazia inabeba watu 256, na pia inamfikia tu yule ana namba yako kwa fone yake. Kwa hivyo ukiposti statusi 40 kwa siku na waliokusevu ni wachache, ni kama kupiga makelele kwa nyumba tupu.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuseviwa. Wakati kastoma anapokea mali, ndiyo wakati wake: "Yaya, unisevu 'Vikwembe Mudzi-Pela'. Kila Ijumaa naweka arivaji na bei." Na wewe msevu hapo hapo. Piga muhuri wa namba kwa mfuko. Iandike kwa karatasi ya risiti. Alafu timiza ile Ijumaa. Statusi inakaa saa 24 tu, kwa hivyo tano za maana, siku watu wanazingoja, zinabamba kuliko arobaini za fujo. Na tafadhali, usiingize watu kwa grupu bila kuwauliza. Wanatoka, na wengine wanakubloku kabisa.

Vyombo vya bure ambavyo tunaviacha

WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018 na ni ya bure. Wengi wameiweka kwa fone lakini wanaitumia kama ile ya kupiga stori. Ingia kwa mipangilio yake. Andika masaa ya kufungua na mahali duka liko. Weka katalogi: picha, jina, saizi, bei. Mtu akiuliza "uko na nini?", unamtumia hiyo katalogi badala ya picha ishirini. Weka ujumbe wa kukaribisha, ili mtu akiandika usiku apate jibu. Tengeneza majibu ya haraka: unaandika mkwaju na neno fupi kama /njia, na maelezo yote ya kufika dukani yanatokea. Alafu kuna lebo. Mpe mmoja "amelipa", mwingine "anangoja mzigo". Mzigo ukifika, unajua wa kuanzia ni nani.

Tazama tofauti. Kastoma ameandika: "Mama, ile kikwembe ya bulu iko?" Jibu la kumpoteza ni "Iko", alafu kimya. Jibu la kuuza ni hili: "Karibu yaya. Iko, yadi 6, dola 10. Tuko wazi hadi saa kumi na moja jioni. Nikuwekee?" Sentensi chache tu, na hana sababu ya kuuliza tena.

Tengeneza pia linki yako: wa.me/243, kisha namba yako bila ile sifuri ya mbele. Mtu akiibonyeza anaingia moja kwa moja kwa gumzo lako, hata kama hajakusevu. Iweke Facebook na TikTok.

Tukifika Facebook, fungua peji ya biz. Akaunti ya kawaida inaishia marafiki 5,000, na inachanganya birthday ya mtoto na bei ya makayabu. Peji haina mpaka huo, na inakuonyesha watu wangapi wameona kila posti. Soma hizo namba. Zinakuambia mali gani watu wanataka kabla hujatuma pesa Kampala.

Kisha weka duka kwa ramani ya Google. Ni bure, na huduma hiyo tangu 2021 inaitwa Google Business Profile. Google itataka uthibitishe kwamba duka ni lako, mara nyingi kwa video. Vumilia hiyo hatua. Kwa mji ambapo tunaelekezana kwa "karibu na kanisa, nyuma ya duka la dawa", alama moja kwa ramani inaokoa nauli. Kama unauzia nyumbani, usiiweke nyumba yako kwa ramani. Chagua mahali pa watu wengi pa kukutana.

Na wavuti? Iko siku yake. Mtu akikuambia umpe dola mia kadhaa akutengenezee wavuti wakati hata katalogi yako iko tupu, mwambie angoje. Ukikua na kuanza kuuzia maofisi na mashirika, chukua jina lako mwenyewe linaloishia .cd, ambayo ni ya Kongo yetu.

Pesa na usalama

M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: andika namba na jina ambalo litatokea kastoma akituma. Jina likiwa tofauti, mtu anaogopa, na ana haki. Sema pia mapema nani analipa ada ya kutoa. Na wewe mwenyewe, usiamini SMS ya "umepokea". Matapeli wanaziandika. Cheki salio kwanza, alafu toa mali. PIN haipewi mtu, hata akisema anapiga kutoka kwa kampuni.

Mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi, 6 Mei 2021, na kila familia hapa inajua maana ya kuwa makini. Kwa hivyo usiposti bunda la dola kuonyesha umeomoka. Usitangaze siku unabeba pesa ya mzigo. Kukutana na kastoma mpya kufanyike mchana, mahali pana watu. Biz nzuri inaanza na wewe kurudi nyumbani salama.

Bonga kama wanunuzi wako

Kifaransa ni kizuri, lakini tangazo la Kifaransa cha kuiga, lililojaa makosa, halimvuti mama anayenunua kwa Kiswahili. Radio Okapi inatangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, kwa sababu inataka kusikika. Fanya vivyo hivyo: Kiswahili mbele, Kifaransa chini yake, na Lingala ukiwa na kastoma wake. Tena Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Kiswahili hicho hicho cha sokoni kinakufungulia watu hadi Kampala na Nairobi.

Sasa msee, usiweke hii stori kwa rafu. Leo kabla hujalala, chagua vitu vitano unavyouza sana. Vipige picha upya kesho asubuhi, viandikie saizi na bei, uviweke kwa katalogi. Andika masaa yako na mahali pa kukupata. Ukimaliza, futa ile statusi ya "bei: inboksi" na usiirudishe tena. Biz inayojibu kabla haijaulizwa ndiyo inauza.