Kuomba Msaada wa Kompyuta ya Linux: Somo kwa Mwalimu wa Shule ya Mbali

Utangulizi

Mwalimu apangiwaye kazi Karatu au Ngorongoro mara nyingi hujikuta mbali na fundi. Kutoka Karatu mjini hadi Arusha ni yapata kilometa 140, na yule afundishaye Endulen au Nainokanoka hana budi kwanza kuvuka Hifadhi ya Ngorongoro. Kompyuta ya shule ikigoma, hubaki peke yake mbele ya darasa. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha wanachuo kwamba kuomba msaada ni stadi yenye hatua zake, na kwamba yafaa kujifunza stadi hiyo kabla ya shida kutokea.

Linux ni nini?

Linux ni kiini cha mfumo endeshi, yaani programu iongozayo kazi zote za kompyuta. Kiini hicho kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Mtu yeyote anaruhusiwa kukitumia, kukinakili na kukirekebisha bila malipo. Juu yake imejengwa mifumo kamili, mathalani Debian na Ubuntu.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Wilayani Karatu, Shule ya Sekondari Banjika ni miongoni mwa shule zilizopata kompyuta za umeme wa jua kwa msaada wa shirika la Powering Potential. Baadaye shirika hilo lilitumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ambayo huendeshwa kwa Linux na hutumia umeme kidogo.

Kwa kuwa mfumo huu haukununuliwa, kwa kawaida hakuna muuzaji wa kulalamikiwa. Msaada mwingi hutoka kwa watumiaji wenzetu wanaojitolea. Watu hao hawaioni kompyuta yetu. Huona maneno yetu tu. Kwa hiyo swali bovu huzaa jibu bovu.

Kisa kimoja

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja, tulimkuta mwalimu amefadhaika. Kompyuta ilikubali neno lake la siri, kisha ikamrudisha palepale pa kuandika neno la siri. Alikuwa amempigia fundi simu na kumwambia, "Kompyuta imekufa." Fundi alimshauri aufunge mfumo upya, kazi ambayo ingefuta diski yote. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na alama za darasa la saba za mwaka mzima, na nakala nyingine haikuwapo.

Tulimsihi angoje. Tulimpigia mkufunzi mwenzetu na kumweleza yaliyotokea, hatua kwa hatua. Alitutaka tubonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, tuingie kwa njia ya maandishi, kisha tuandike amri df -h, ambayo huonyesha nafasi iliyotumika katika diski. Diski ilikuwa imejaa kwa asilimia 100. Mfumo ulikosa mahali pa kuandika kumbukumbu zake. Amri sudo apt clean iliondoa mafaili ya usakinishaji yaliyokwisha kutumika, na mwalimu akaingia. Alama zote zilikuwa salama.

Fundi yule hakukosea. Alijibu swali aliloulizwa.

Hatua za kufuata

(a) Soma ujumbe ulioandikwa kwenye kioo, kisha unakili neno kwa neno katika daftari, hata kama ni wa Kiingereza usichokielewa.

(b) Tafuta kwanza ndani ya kompyuta yenyewe. Amri man df, kwa mfano, hufungua maelezo ya amri df, wala haihitaji intaneti. Bonyeza q ili kutoka.

(c) Unapouliza, eleza mambo manne: mfumo gani na toleo lipi, ulifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini. Toleo laweza kujulikana kwa amri cat /etc/os-release.

(d) Usiandike amri uliyopewa kabla ya kujua kazi yake. Jihadhari hasa na amri zianzazo na sudo, kwani hupewa mamlaka yote juu ya mfumo, na amri rm, ambayo hufuta.

(e) Weka nakala ya kazi za shule katika flashi kabla ya kutengeneza chochote.

(f) Ukishapona, andika tatizo na dawa yake katika daftari la kompyuta, libaki shuleni hata ukihamishwa.

Kwa wale wanaofunga mfumo kwa mara ya kwanza, Ubuntu huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kujaribiwa bila kugusa diski. Hakikisheni kwanza kwamba kioo, sauti na mtandao vinafanya kazi, ndipo mfunge.

Matumizi darasani

Stadi hii yafaa pia kwa wanafunzi. Mtoto asemaye "Hesabu imenishinda" hatofautiani na mwalimu asemaye "Kompyuta imekufa." Tumzoeze kusema: "Nimefika hatua hii, nimepata jibu hili, nami nilitarajia lile." Hapo atakuwa amekwisha kulitatua nusu ya tatizo lake.

Hitimisho

Mwaka 1967 taifa letu lilitangaziwa Elimu ya Kujitegemea. Kujitegemea si kukataa msaada. Ni kujua tulipokwama, kuomba kwa uwazi, na kumwachia ajaye baada yetu maarifa tuliyoyapata.

Zoezi

1. Andika upya swali hili ili lipate jibu: "Printa haifanyi kazi, nifanyeje?"
2. Wawili wawili, mmoja aeleze tatizo la kompyuta kwa maneno tu, bila kuonyesha kioo. Mwingine aandike mambo aliyokosa kuambiwa.