Saa Moja Mbele ya Mpimaji

Barua ya wito ina tarehe, saa na anwani ya jengo ambalo mwanajeshi mstaafu hajawahi kuingia. Haina jina la daktari anayemjua. Asipofika bila sababu ya msingi, dai lake la fidia huamuliwa kwa karatasi zilizomo kwenye jalada tu, na kama alikuwa anaomba kuongezewa kiwango, ombi hukataliwa. Kwa mtu mwenye PTSD, maradhi ya akili yanayomwandama mtu baada ya kupitia jambo la kutisha, barua hiyo peke yake hutosha kumnyima usingizi.

Wasomaji wa safu hii walioko Marekani wanawajua watu hawa, kwani wengine ni ndugu zao. Vijana kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wamevaa sare ya jeshi la nchi hiyo, baadhi yao kwa kuwa utumishi hufupisha safari ya kupata uraia. Mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika na jeshi, ulioanza mwaka 2009, ulikitaja Kiswahili katika orodha yake. Vita vya Iraki na Afghanistan vimewaacha baadhi yao na kitu wasichokitaja hata kwa wake zao, na sasa wanatakiwa wakitaje mbele ya mgeni.

Anayekaa upande wa pili wa meza si tabibu wake. Ni mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili aliyepewa kazi hiyo na Idara ya Wanajeshi Wastaafu, ijulikanayo kwa herufi VA, na siku hizi mara nyingi ametoka kampuni binafsi yenye mkataba na idara hiyo. Hataandika dawa wala hatapanga miadi ya pili. Atakayoambiwa hayabaki siri ya watu wawili kama ilivyo katika ushauri nasaha. Huandikwa kwenye ripoti inayoingia jaladani. Wala si yeye anayeamua. Anayeamua ni ofisa wa VA ambaye pengine hatamwona mstaafu huyo kamwe. Ataisoma ripoti. Jambo lisilosemwa chumbani, na lisiloandikwa mahali pengine kwenye jalada, kwa ofisa huyo ni kama halikutokea.

Sheria inataka mtaalamu athibitishe kwamba ugonjwa upo kwa vigezo vinavyotambulika, inataka ushahidi wa kuaminika kwamba tukio lilitokea wakati wa utumishi, na inataka mtaalamu aeleze kama ugonjwa wa leo umetokana na tukio lile. Katika hili la mwisho hadaiwi uhakika. Uwezekano wa nusu kwa nusu unatosha, na pale ushahidi wa pande mbili unapolingana uzito, shaka humwangukia mstaafu kwa faida yake. Wengi hawalijui hilo. Huingia chumbani wakiamini kwamba ni washtakiwa wanaopaswa kujitetea.

Kwamba ugonjwa huu una jina rasmi ni matunda ya wastaafu wenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza madaktari waliuita mshtuko wa makombora, na askari kadhaa walichukuliwa kuwa waoga. Waliorudi kutoka Vietnam walianza mwaka 1970 kukutana New York na madaktari wa akili kama Chaim Shatan na Robert Jay Lifton, wakaketi kuzungumza wenyewe kwa wenyewe juu ya yaliyokuwa yakiwasibu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1980, PTSD iliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliotolewa mwaka 1990 ulikuta kwamba kiasi cha asilimia 15 ya wanaume waliotumikia Vietnam bado walikuwa na ugonjwa huo, zaidi ya muongo mmoja baada ya bunduki kunyamaza.

Sharti lililowaumiza watu wengi zaidi ni lile la ushahidi wa tukio. Aliyekuwa mstari wa mbele na nishani yake ya mapigano aliaminiwa kwa neno lake. Lakini dereva wa lori la maji aliyepita barabara iliyotegwa mabomu, usiku baada ya usiku, aliambiwa alete kumbukumbu za kikosi zinazotaja shambulio hilo kwa tarehe. Nani huandika kila kombora linaloanguka kambini saa tisa usiku? Julai 2010 VA ilibadilisha kanuni. Sasa, kama tukio linahusu hofu ya mashambulizi ya adui au ya magaidi, maelezo ya mstaafu mwenyewe yanaweza kutosha, mradi yaendane na mahali na mazingira aliyotumikia, na mtaalamu wa VA au wa mkataba athibitishe kwamba tukio hilo linatosha kuzaa ugonjwa na kwamba dalili zinahusiana nalo. Askari aliyekuwa Manda, Lamu, alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walipovamia uwanja wa ndege unaotumiwa na Wamarekani na kuwaua watatu, hahitaji kuthibitisha kwamba risasi ilipita karibu na sikio lake.

Kwa waliodhulumiwa kingono jeshini na wenzao au wakubwa wao, kanuni ina mlango wa peke yake, na ninaomba usomwe kwa makini kwa sababu wengi hufa moyo hapa. Unyama huo kwa kawaida haukuripotiwa, kwa hiyo rekodi za jeshi ziko kimya. Basi VA inaruhusiwa kutazama alama za pembeni: barua aliyomwandikia dada yake, kipimo cha mimba au cha magonjwa ya zinaa, ombi la ghafla la kuhamishwa kikosi, kazi iliyokuwa nzuri ikaharibika ndani ya miezi michache, maelezo ya mchungaji au ya rafiki aliyelala naye chumba kimoja. Kutokuwepo kwa ripoti ya polisi hakufungi dai.

Sasa tuingie chumbani. Mtu nitakayemtaja si mmoja. Nimemuunda kutokana na wengi niliowasikiliza. Alizaliwa Kisii, akaendesha malori Iraki, sasa anafanya kazi ya zamu ya usiku kwenye ghala kwa sababu huko hakuna watu wengi. Mpimaji anaanza mbali: utotoni, shuleni, wazazi walivyoishi. Hii humshangaza, hata kumkasirisha, lakini ina maana, kwani lazima ijulikane alikuwa mtu gani kabla ya jeshi. Kisha linakuja tukio lenyewe. Kisha dalili: ndoto mbaya, kumbukumbu inayomvamia kana kwamba jambo linatokea sasa hivi, kukwepa watu na mahali, ganzi ya moyo, hatia, hasira, kushtuka, kuwa macho wakati wote. Mwongozo wa sasa unazitaja dalili 20 katika mafungu manne. Huenda akapewa dodoso la kujaza mwenyewe, kila dalili ikipewa alama kuanzia 0 hadi 4. Ataulizwa juu ya pombe, kesi za polisi, na kama amewahi kufikiria kujiua.

Tatizo kubwa la uchunguzi huu liko hapa: kukwepa kulizungumza tukio ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Tunamtaka mtu asiyeweza kulitaja jambo alitaje, kwa mtu asiyemjua, kwa saa aliyopangiwa, na kwa sauti inayosikika. Ni kama kumwambia aliyevunjika mguu apande ngazi ili tuone kwamba hawezi kupanda ngazi. Wengi hufanya walichozoea kufanya ili waishi: hufupisha. "Kulikuwa na bomu. Wenzangu wawili walifariki. Tukaendelea na safari." Huyasema bila chozi, uso mkavu, na asiyejua ganzi ni nini anaweza kuandika kwamba mtu huyu ametulia.

Malezi yetu huongeza uzito. Sisi tumefundishwa kujibu salamu kwa wema hata tukiwa na maiti ndani, na habari mbaya huja baadaye, taratibu, kwa aliyekaa akangoja. Mpimaji mwenye wasailiwa wengine nje hangoji. Nikiwa na dereva huyu na mkewe wakijiandaa kwa uchunguzi, nimesikia mazungumzo ya namna hii:

"Baba Neema, umwambie basi kwamba mwaka wa tatu huu unalala sebuleni."

"Hayo ni mambo ya nyumbani, Mama Neema. Hayahusiani na vita."

Mama Neema ndiye mwenye haki. Kiwango cha fidia hakipimi ukubwa wa bomu. Kinapima kilichoharibika katika kazi na katika mahusiano. Ngazi za malipo ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100 kwa mia. Asilimia 30 ni ya mtu anayeendelea vizuri kwa jumla lakini mara moja moja kazi humshinda. Hamsini ni ya yule ambaye hategemeki tena kama zamani. Sabini ni ya aliyepungukiwa karibu kila upande: kazi, familia, maamuzi, hali ya moyo. Mwishoni mwa ripoti mpimaji huchagua sentensi moja tu, kati ya zile zinazoeleza ngazi hizo, inayomfaa mtu aliye mbele yake, na sentensi hiyo ina uzito mkubwa kuliko kurasa zote zilizotangulia. Kwa viwango vya mwaka 2025, asiye na wategemezi alilipwa dola 1,102 na senti kwa mwezi akiwa na asilimia 50, na dola 1,759 akiwa na 70. Tofauti hiyo yaweza kuwa kodi ya nyumba.

Ndiyo maana ninawaambia wastaafu wajiandae kusema wiki yao ilivyo. Unalala saa ngapi, na wapi? Mara ya mwisho kwenda harusi au kanisani ni lini, na ulikaa kiti gani? Umeacha kazi ngapi, na ni nini kilitokea siku ya mwisho? Mtoto akidondosha sufuria, wewe hufanya nini? Siku ya uchunguzi ikiangukia siku njema, sema kwamba leo ni siku njema na ueleze zile mbaya huja mara ngapi. Mke, ndugu au msimamizi wa kazi anaweza kuandika alichokiona kwa macho yake, na maelezo hayo ni ushahidi halali.

Wapo wanaotia chumvi, na wapo wanaouza mafunzo ya kutia chumvi. Vipimo vingi vina maswali yaliyowekwa makusudi kuhusu dalili ambazo wagonjwa wa kweli hawanazo, na anayezikubali zote huharibu dai ambalo pengine lilikuwa la haki. Anayedai malipo kwa kukuandalia dai la kwanza anavunja sheria. Vyama kama American Legion na DAV vina wawakilishi waliosajiliwa na VA wanaofanya kazi hiyo bure.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, ni kwa muda. Mwongozo wa utendaji bora ulioandaliwa na wataalamu wa VA wenyewe mwaka 2002 ulisema uchunguzi wa kwanza wa PTSD unaweza kuhitaji hadi saa tatu. Nimesoma ripoti zilizoandikwa baada ya mazungumzo mafupi kuliko muda wa kunyoa nywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwa wapimaji wa VA ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walitumia vipimo mara chache au hawakuvitumia kabisa, na wachache tu walitumia kwa kawaida mahojiano yenye mpangilio maalumu. Mahojiano hayo yapo, yana maswali 30, na huuliza kila dalili kwa mara na kwa uzito, hivyo hayamtegemei mgonjwa awe msimulizi. Kutoyatumia ni kumwadhibu mnyamavu.

Usiku unaofuata uchunguzi huwa mgumu. Mambo yaliyofungiwa miaka yamefunguliwa, na aliyeyafungua ameshaondoka. Asiachwe peke yake usiku huo. Simu ya dharura kwa wastaafu ni 988 kisha kubonyeza 1, saa zote. Vituo vya ushauri vinavyoitwa Vet Centers, vilivyoanzishwa mwaka 1979, hutoa ushauri bila malipo na hutunza kumbukumbu zake mbali na hospitali.

Barua ya uamuzi ikija na kukataa, ana mwaka mmoja wa kuchagua: kuleta ushahidi mpya, kuomba ofisa wa juu aliangalie upya jalada lilelile, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Ripoti ya uchunguzi ni haki yake kuiomba na kuisoma, na aisome kabla ya kuchagua, kwa sababu mara nyingi kosa limo humo: tukio lililoachwa, miaka iliyochanganywa, dalili iliyotajwa na haikutiwa alama.

Na ikija na kukubali, huzuka hofu nyingine niliyoisikia kwa watu wazima wenye akili timamu: nikitibiwa nikapona, watanipokonya. Kwa hofu hiyo wengine huacha matibabu yanayofaa, yale ya mazungumzo ya kila wiki kwa takriban miezi mitatu ambayo yamewarudishia wengi usingizi. VA inaweza kupunguza kiwango, lakini lazima itoe taarifa kwanza, na mstaafu ana siku 60 za kuleta ushahidi na 30 za kuomba asikilizwe. Kiwango kilichodumu miaka mitano hakipunguzwi kwa uchunguzi mmoja wa siku njema. Inabidi ionekane nafuu ya kweli, inayodumu katika maisha ya kawaida. Kilichodumu miaka 20 hakiguswi ila kwa udanganyifu.