Kifua cha Binti na Kimya cha Walimu

Katika mambo ambayo sisi walimu hukwepa kuyafunza, umbo la msichana anayebalehe limeshika nafasi ya mbele. Tutachora ua ubaoni na kutaja chavua na ovari bila haya, lakini tukifika kwenye kifua cha binadamu tunafunua ukurasa wa pili upesi. Matokeo ya kimya hicho nimeyaona hapa Luanda Kotieno, ambako feri ya Mbita hutia nanga na ambako watoto hukua miongoni mwa nyavu, omena na mizaha mikali ya ufuoni.

Msichana mmoja wa gredi ya saba aliacha kushiriki michezo. Jua likiwaka, yeye alijifunika sweta. Wenzake walikuwa wamemwambia kwamba titi lake moja lilitangulia jingine kwa sababu lilishikwa na mvulana. Uongo mtupu, lakini nani aliyekuwa amemwambia ukweli? Hata mamaye alinijia na hofu.

"Mwalimu, huyu mtoto amerogwa?"

"La, mama. Hajarogwa, anakua tu."

Ifahamike kwamba matiti hayaoti kama meno ya msumeno, yote kwa mstari mmoja. Aghalabu kati ya umri wa miaka 8 na 13, kijivimbe kigumu hujitokeza chini ya chuchu, nacho huuma kikiguswa. Mara nyingi huanza upande mmoja, na upande wa pili ukafuata baada ya wiki au miezi kadhaa. Homoni ya estrojeni husambazwa na damu ile ile pande zote mbili, ila tishu za kila upande huiitikia kwa kasi yake. Daktari Mwingereza James Tanner aliugawa ukuaji huu katika hatua 5, na safari hiyo huchukua miaka kadhaa. Tofauti nyingi hupungua njiani. Nyingine hubaki maisha yote, kwani ni wanawake wachache mno ambao matiti yao yanalingana sawasawa, kama vile ilivyo kwa miguu yetu, jambo ambalo kila muuza viatu analijua.

Kijivimbe hicho cha kwanza kisikatwe ovyo, iwe kwa wembe wa mganga wa kienyeji au kwa kisu cha daktari mwenye pupa. Ndicho chimbuko la titi zima. Kikiondolewa, titi la upande huo huenda lisikue kamwe.

Nao wavulana wasicheke sana. Takriban nusu yao huvimba kifua wakati wa kubalehe, mara nyingine upande mmoja tu, na kwa kawaida uvimbe huo hutoweka katika muda wa miaka miwili.

Mama anayenyonyesha ana hadithi nyingine. Titi linalonyonywa zaidi ndilo linalotengeneza maziwa zaidi, nalo hujaa kuliko mwenziwe. Mtoto akizoeshwa pande zote mbili, tofauti hupungua. Tena ipo hali adimu ambayo Alfred Poland aliieleza mjini London mwaka 1841, ambapo mtu huzaliwa bila sehemu ya msuli wa kifua upande mmoja, na titi la upande huo likawa dogo au lisiwepo kabisa. Huyo anastahili kuonwa na daktari, wala si kuonyeshwa kidole.

Hata hivyo, nisije nikamliwaza mtu aliyepaswa kushtuka. Tofauti aliyokua nayo mtu si sawa na tofauti iliyozuka. Mwanamke mzima akiona titi moja limebadilika ghafla, ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, au akigusa uvimbe kifuani au kwapani, asingoje msimu wa omena uishe. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake wa Kenya, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Aanzie zahanati iliyo karibu. Ikibidi, apelekwe Kisumu, katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wangali wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti.

Kwa binti ambaye tofauti yake ni kubwa na inamkera, upasuaji wa kusawazisha upo, lakini kwa kawaida madaktari hungoja hadi ukuaji ukome. Kwa sasa, kipande cha kitambaa laini kilichokunjwa na kushonewa ndani ya sidiria kinamtosha, na mwalimu wa sayansikimu anaweza kumfunza kukishona kwa kipindi kimoja.