Kalenda Inapoipotosha Ramani

Hapa Kikuyu, mjini Dodoma, kila mkulima ajua kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na kwamba Juni ni kiangazi kitupu. Nilistaajabu basi mwanafunzi wangu aliponiletea ramani ya tarehe za kuanza kwa mvua, iliyochorwa kwa kompyuta, ambayo ingemfanya mtu apande mtama mwishoni mwa Juni.

Kompyuta ilikuwa imetii amri. Katika kituo kimoja mvua ilianza tarehe 20 Desemba, yaani siku ya 354 ya mwaka. Katika kituo jirani ilianza tarehe 8 Januari, siku ya 8. Wastani wa 354 na 8 ni 181, nayo ndiyo 30 Juni! Baina ya vituo hivyo programu ilipitisha kontua za 350, 300, 250 na kuendelea hadi 50, zikasongamana kama genge la mlima usiokuwepo.

Programu haifahamu kwamba mwaka ni duara, na kwamba baada ya 365 hufuata 1. Kwa mvua zetu dawa ni nyepesi: tuhamishe kiungo cha duara hadi kiangazi, tuhesabu siku kuanzia 1 Julai. Sasa 20 Desemba ni siku ya 173, na 8 Januari ni ya 192. Wastani ni 182.5, baina ya 29 na 30 Desemba. Kijana alipochora upya, genge lilitoweka.

Upepo, hata hivyo, hauna kiangazi cha kufichia kiungo. Pwani, upepo utokao nyuzi 350 na utokao nyuzi 10 zote ni kaskazi. Wastani wa tarakimu hizo ni 180, yaani kusi, na nahodha yeyote angetucheka. Hapa yatupasa kuigeuza kila pembe iwe saini na kosaini, kukadiria kila moja peke yake, ndipo turudi kwenye pembe kwa tanjenti kinyume inayopokea zote mbili, ili robo ya duara isipotee.

Wanafunzi na wajaribu nyuzi 90 na 270. Saini zitafutana, kosaini ni sufuri, na hapatakuwa na mwelekeo wa kuchora. Mahali kama hapo ramani iachwe nyeupe.